Mrejesho: Uso wa Van Eyck umekaa sawa, kilemba bado

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza nifanyeje ngozi isitoke kama chaki, maana najifunza rangi za mafuta kwa kunakili ile picha ya mchoraji Jan van Eyck ya 1433, mwanamume mwenye kilemba chekundu, iliyoko National Gallery, London. Mkanishauri nianze na kahawia na nyeupe tu, nipange mwanga na kivuli kwanza, rangi zije baadaye.

Ushauri umefanya kazi. Uso wa kahawia ulipokauka, nilipitisha juu yake ocha (rangi ya udongo wa manjano) na nyekundu kidogo, nyepesi, iliyolainishwa kwa mafuta ya kitani. Chaki ikatoweka. Aliyesisitiza matabaka ya juu yawe na mafuta mengi kuliko ya chini, ahsante sana. Kinyume chake rangi huja kupasuka.

Kilichoniteka hasa ni macho. Kuza picha kwenye simu uone: sehemu nyeupe si nyeupe kweli, ina kijivu cha samawati na vishipa vyekundu vyembamba mno. Ukiweka nyeupe tupu, jamaa anaonekana ameshtuliwa. Kidevuni nako kuna vindevu vinavyoanza kuchipua, kimoja kimoja. Huyu Van Eyck alikuwa na subira ya ajabu!

Kilemba ndiyo kazi iliyobaki. Mikunjo yake inataka nyekundu inayopitisha mwanga, tabaka juu ya tabaka, na kila moja lazima likauke kwanza. Mke wangu analalamika sebule inanuka tapentaini, kwa hiyo nahamia barazani.