Naomba ushauri: BMW Z4, Audi TT au Porsche Boxster?

Wakuu, habari za wikiendi. Nina milioni 40 hivi, ushuru ukiwemo, natafuta gari la pili la kujifurahisha nalo, Dar hadi Bagamoyo na kurudi. Noah ya familia ipo, kwa hiyo viti viwili vinatosha (mama watoto keshauliza mara mbili watoto watakaa wapi).

Moyo uko kwa Z4 ya 2006 hadi 2008, ile ya silinda sita za mstari, injini N52. Hofu yangu ni pampu ya maji. Ni ya umeme, na ikigoma ukiwa kwenye foleni ya Mwenge saa nane mchana, injini inachemka hapo hapo. Juzi nilikagua moja: rangi inang'aa, lakini nilipofungua boneti nikakuta oili imelowanisha gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) hadi inanukia kuungua. Muuzaji akasema "hiyo ni kawaida ya BMW".

Boxster naipenda, ila za kabla ya 2009 zina ile bearing ya IMS, yaani ya shafti ya kati ndani ya injini. Ikisagika, injini yote imekwenda. TT ya TFSI (injini ya petroli yenye turbo) ina gia za DSG, otomatiki ya klachi mbili, zinazotaka oili mpya kila kilomita 60,000, na sidhani wamiliki wengi walifanya hivyo.

Mliowahi kumiliki, spea mlizipata wapi? Na je, gari hizi zinapita matuta yetu bila kukwangua tumbo? Niagize Japani au ninunue iliyopo nchini?