UKOO WA KILWA NA MATAWI YAKE

Rukia (Kilwa Masoko): Assalaam alaikum wote. Bibi anauliza mbona Zuhura kimya wiki nzima. Yu mzima?

Zuhura (Darwin, Australia): Waalaikumu salaam. Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba, shikamoo Mama. Mzima, ni joto tu linatumaliza. Huu ndio msimu wa kungoja mvua. Kila alasiri mawingu yanajazana, radi zinapiga mbali huko, halafu tone halidondoki. Watu wanagombana hata kwenye foleni ya mkate.

Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Kunywa maji.

Hamisi (Dar): Dada mbona Australia ya kwenye TV ina kondoo na watu wamevaa makoti 😂

Zuhura: Hiyo ya kusini. Huku ni mikoko, maembe na mamba. Jana jirani kaniruhusu nichume kwenye mwembe wake. Nimeshuka bila embe hata moja. Tazameni mkono.

*[picha]*

Mjomba Seif (Masoko): Hao si maji moto, wale sisimizi wa mtini?

Zuhura: Ndugu zao kabisa, Mjomba. Hawa wana tumbo la kijani, ukali ule ule. Walikuwa wamekunja majani mabichi na kuyashona kwa nyuzi nyeupe, mie nikadhani utando wa buibui, nikashika. Huyo jirani ni mama wa Kilarrakia, wenyeji wa asili wa Darwin. Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu akamshika mmoja kichwani, akamlamba tumboni, akaniambia nami nijaribu. Ndimu tupu!

Mama Zuhura: Umekula mdudu???

Zuhura: Nimelamba tu Mama.

Mjomba Seif: Mwambie asiwapulizie dawa. Mkorosho wenye maji moto, yule mdudu mharibifu tunayemwita mbu wa mikorosho hausogelei. Kule shambani Nangurukuru nawaacha makusudi. Wachumaji wananilaani lakini korosho safi.

Zuhura: Hata huku wamewajaribu kwenye mikorosho na miembe, Mjomba.

Rukia: Bibi anasema maneno ya wadudu basi. Anataka kujua ule ukwaju wa samaki ulinunua wapi.

Zuhura: Sijanunua Bibi, nimeokota chini ya mti. 🤭 Ganda limekauka, ukilibana kwa vidole viwili linapasuka, ndani nyama nyeusi imenata kwenye nyuzi zake. Mkali kuliko wa Masoko. Na msidhani uliletwa na Wazungu. Mikwaju ya kwanza ya pwani hii ilitokana na kokwa za mabaharia wa Makassar, kule Sulawesi, Indonesia. Walikuwa Waislamu wengi wao. Walikuja na ukwaju wa kupikia, wakala, wakatupa kokwa. Mpaka leo ukikuta mikwaju mikongwe ufukweni Arnhem Land, mashariki ya hapa Darwin, ujue hapo walipiga kambi.

Hamisi: Wamefuata nini porini huko?

Zuhura: Jongoo bahari.

Mjomba Seif: 😳 Jongoo bahari huyu huyu?

Zuhura: Huyu huyu. Wanamchemsha, wanamkausha kwa moshi, wanampeleka Makassar, kutoka hapo Uchina. Miaka ya 1700 tayari biashara imeshika. Wanakuja Desemba na pepo za kaskazini-magharibi, kikianza kusi mwezi wa nne wanatweka matanga wanarudi. Wayolngu, wenyeji wa huko, walifanya nao kazi, wakaoleana, wengine wakapanda majahazi hayo wakaenda kuishi Makassar.

Mjomba Seif: Hiyo kalenda ni yetu! Marehemu babu yenu aliishi hivyo hivyo, kaskazi wageni wanakuja, kusi wanaondoka. Na jongoo tumemchemsha sana mapipani kabla ya marufuku. Harufu yake haitoki nguoni. Waliacha lini hao?

Zuhura: Hawakuacha, walizuiwa. Mwaka 1906 serikali ya Australia Kusini, ndiyo iliyokuwa ikitawala huku, iligoma kuwapa leseni. Jahazi la mwisho liliondoka 1907.

Hamisi: Sasa Mjomba ataanza zile sarafu zake. Moja, mbili...

Mjomba Seif: Na naanza! Zuhura, sarafu za Kilwa zilipatikana huko au hazikupatikana?

Zuhura: Zilipatikana. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa jeshi la anga, Maurie Isenberg, alikuwa kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, huko huko Arnhem Land. Akaokota sarafu tisa mchangani kisiwa cha Marchinbar, akazitia kwenye kopo. Mpaka 1979 ndipo akazipeleka kwa wataalamu. Nne za Waholanzi, tano za shaba za masultani wa Kilwa.

Mjomba Seif: TANO. Sisi wadogo mvua ikinyesha tulikuwa tunaziokota Kilwa Kisiwani pale chini ya Gereza, ile ngome ya zamani, tunachezea. Upande mmoja jina la sultani, wa pili kumsifu Mungu, na vina juu! Masultani wa pesa yenye vina wanashindwaje kufika Australia?

Hamisi: Mjomba heshima yako, ila sarafu haihitaji mwenye nayo ndiyo isafiri. Hizo nne za Waholanzi za kuanzia miaka ya 1690 zilifikaje kwenye mchanga ule ule? Mreno ameipora Kilwa 1505, 1511 yuko Malaka, Malaysia ya leo. Anaweza kubeba kifuko. Au hao hao wa jongoo.

Mjomba Seif: Kwa hiyo Mreno abebe, mtu wa Kilwa asibebe?

Hamisi: Abebe, lakini nionyeshe hata kigae kimoja cha chungu cha Kilwa pale.

Zuhura: Mimi niko na Hamisi nusu. 🙈 Nje ya Afrika Mashariki sarafu hizi hazionekani hovyo: moja Zimbabwe Kuu, nyingine Oman. Tano pamoja Marchinbar si jambo dogo, hata kama aliyezidondosha alikuwa Mmakassar.

Mjomba Seif: Nusu naipokea. Nenda ukapige picha za huo ufukwe.

Zuhura: Ni zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, na Arnhem Land ni ardhi ya wenyeji, huingii bila kibali. Sarafu zenyewe ziko makumbusho Sydney.

Rukia: Bibi kashtuka na neno ufukwe. Anasema usioge baharini!

Zuhura: Haogi mtu, Bibi. Mamba wa huku wanaishi mpaka baharini. Walipopigwa marufuku kuwindwa 1971 walibaki kama 3,000, sasa ni kama 100,000. Na kuanzia Oktoba hadi Mei kuna konyeza mwenye sumu ya kuua. Siki ndiyo huduma ya kwanza.

Rukia: Anasema sasa ameelewa kwa nini unaoga na ndoo. 😂

Mjomba Seif: Hicho kibali kinaombwa kwa nani?

Zuhura: Kwa baraza la ardhi la wenyeji, Mjomba. Fomu ipo mtandaoni.

Mjomba Seif: Tuma linki. Pale penye sababu ya safari nitajaza mwenyewe.