Raba ya madigadi: rangi inabanduka, nifanyeje?

mpanda_keria: Wakuu, nataka kuandika SUBIRA YAVUTA HERI kwenye raba inayoning'inia chini ya madigadi ya nyuma, baiskeli ya Phoenix ya inchi 28. Raba yenyewe ni ya tyubu la lori. Rangi ya mafuta haimalizi hata mwezi, inabanduka vipande vipande. Halafu shanga kwenye spoku, zina ubaya?

fundi_njiti: Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa ngumu, raba nayo inapinda kila shimo. Lazima ipasuke. Achana nayo, kata herufi kwenye ile raba nyeupe nyembamba ya mafundi viatu, milimita 3 inatosha. Mistari mitatu, neno moja kila mstari: herufi upana sm 2, nafasi nusu sentimita, SUBIRA inakula sm 14.5, kwa hiyo raba iwe na upana wa sm 18 upande wa chini. Piga msasa namba 80 pande zote mbili zitakazogusana mpaka mng'ao uishe, futa kwa petroli, acha ikauke. Paka gundi ya viatu kwenye herufi NA kwenye raba, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Wengi wanabandika gundi ikiwa mbichi, kesho yake wanalaumu gundi. Na maneno unayoandika ni hayohayo, subira!

kipusa_cha_baiskeli: Nyongeza: usitoboe raba ukafunga boliti tupu, itachanika matunduni. Weka kipande cha bati upana sm 2 nyuma yake, boliti mbili, washa pana. Ncha ya chini ibaki sm 7 kutoka ardhini. Ikiwa ndefu, ukirudisha baiskeli nyuma gurudumu linaikanyaga na kung'oa madigadi.

mpanda_keria: Asante sana wakuu. Na shanga?

fundi_njiti: Phoenix ina breki za vyuma, zile zinazokaba rimu kwa ndani. Gurudumu likikimbia, shanga zinatupwa nje mpaka kwenye rimu, palepale zilipo raba za breki. Kubwa inaweza kunasa. Bora mirija ya soda: ichane kwa urefu, vika spoku, iishie sm 8 kabla ya rimu. Ukitaka shanga lazima, zifunge katikati ya spoku kwa uzi wa tyubu, juu na chini. Gurudumu la mbele liache tu.

kipusa_cha_baiskeli: Habu (kitovu cha gurudumu) nayo valisha mkanda wa ngozi, ulegee kidogo. Unazunguka wenyewe na kufuta vumbi.