Kutembea Shela hadi Kipungani na kamera ndogo: nianze saa ngapi?

Mgeni_wa_Voi ameuliza:

Salamu wana pwani. Mwezi ujao mimi na mke wangu twaenda Lamu, na siku moja tumepanga tutembee ufukweni kutoka Shela mpaka Kipungani, kisha turudi mjini kwa boti. Nina kamera ndogo ya mfukoni, Sony RX100 ya tatu, niliinunua kwa mtu ikiwa imetumika kidogo.

Tatizo langu ni hili. Nilipokuwa Diani mchana picha zilitoka ovyo: mchanga kijivu kama saruji, mbingu nyeupe tupu, mke wangu amesimama mbele yake uso giza hata macho hayaonekani. Juani skrini haionyeshi kitu, napiga kwa kubahatisha. Nianze kutembea saa ngapi? Ninunue vichujio vya lenzi? Na ule mchanga, kamera itapona kweli? Nataka picha chache nzuri za kuchapisha na kutundika ukutani.

Kibarua2000:

Kaka, simu yako inatosha. Weka kamera nyumbani, beba maji ya kunywa.

Nahodha_Mstaafu:

Maji ya kunywa abebe, hapo Kibarua kasema kweli. Kamera pia aibebe.

Mimi ni mtu wa Langoni, mtaa wa Lamu, nimepiga picha tangu enzi za filamu, na ufukwe huo naujua. Umeuliza saa, lakini kwetu saa haijulikani mpaka uangalie mwezi. Maji yakijaa pale utasukumwa juu kwenye mchanga mkavu, mguu unazama kila hatua, na njia ni kama kilomita 12. Hutafika robo kabla hamu ya kutoa kamera haijakwisha. Maji yakipwa unapata mchanga mgumu, tambarare, wenye unyevu, na ule unyevu unarudisha rangi ya mbingu chini ya miguu yako. Hapo ndipo penye picha.

Sasa, wageni wengi wakisikia bamvua ndiyo maji yanapwa sana, hukimbilia bamvua. Kwa mtu anayeokota kombe ni sawa. Kwa mpiga picha ni hasara. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu humaliza kupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Lamu iko digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta. Saa hizo jua limeshapanda, halina huruma, na kila kitu kinakosa kivuli. Ndiyo Diani yako hiyo hiyo.

Wewe subiri maji mafu. Tazama kalenda ya Kiislamu, tarehe 7 hadi 9 au 21 hadi 23 za mwezi, wakati mwezi ni nusu. Siku hizo maji hupwa karibu saa kumi, saa kumi na moja jioni. Hayaendi mbali kama ya bamvua, ila kwa ufukwe wa mchanga yanatosha kabisa, na yanakutana na jua likiwa linashuka. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo ukikosa siku moja usidhani hesabu ni ile ile. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, litakupa saa. Lamu haitofautiani sana.

Ondokeni Shela kama saa nane mchana. Nusu saa ya mwanzo usijisumbue na picha, tembea tu. Ukiuacha mji nyuma, milima ya mchanga itakuwa mkono wako wa kulia, bahari kushoto. Jua la jioni linatoka upande wa nchi kavu, linapita juu ya ile milima kwa ubavu, na kila mkunjo uliochorwa na upepo unapata kivuli chake. Piga hapo ukiwa umechuchumaa, kamera karibu ichukue mchanga wa goti lako mbele na mlima nyuma. Usipande ukaburura miguu kuharibu mteremko wote, utaharibu picha yako na ya mwenzako. Tena milima ile si pambo: mvua inanyonywa humo, na visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu.

Baada ya milima, nikwambie ukweli, ni mchanga na mchanga na mchanga. Ukipiga ufukwe mtupu utarudi na picha nyingi za mstari mmoja. Tafuta kitu: kaa akitoka shimoni, gogo lililoletwa na kusi, nyayo za mke wako zikipinda kukwepa wimbi. Mwambie atangulie hatua hamsini, basi. Mtu mdogo kwenye ufukwe mkubwa ndiyo picha ya ukutani.

Kuhusu kamera yenyewe. Kijivu kile kinatokana na kamera kudhani kila kitu duniani kina weupe wa wastani. Ikiona mchanga mweupe inaupunguza. Tafuta alama ya +/- uongeze +0.7. Washa ile michirizi inayoonyesha mahali panapoungua, ukiiona imetapakaa mbinguni rudi +0.3. Piga kwa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaibana. Tundu la lenzi liweke f/4 au f/5.6. f/11 imo, usiiguse: sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni ya inchi moja, na tundu likibanwa sana mwanga unatawanyika, picha inalegea yote.

Skrini huioni kwa sababu unaitazama skrini! Kamera yako ina kijicho kilichojificha kona ya juu kushoto. Sukuma kitufe cha ubavuni, kitaruka. Kisha kivute kwa vidole kuelekea kwako, la sivyo utaona ukungu ukadhani kimeharibika.

Vichujio acha. Lenzi yenyewe haina uzi wa kufungia, na kile cha kuondoa mng'ao kitakuondolea mng'ao wa mchanga uliotembea kilomita zote kuufuata.

Fundi_wa_Makupa:

Nahodha kamaliza ya mwanga, mimi niseme ya mchanga maana ndio unaonilipa kodi ya duka.

Kamera za lenzi inayotoka na kurudi haziuawi na mchanga wenyewe. Zinauawa na mwenye kamera, anapoizima wakati punje zimekaa kwenye shingo ya lenzi. Ikirudi ndani inazivuta, siku ya pili unasikia krrr, inakwama katikati. Kwa hiyo kabla ya kuzima, inamisha lenzi chini, pulizia na pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yana unyevu. Usipanguse kwa kanga, unasugua punje kwenye kioo.

Ikiwa ni msimu wa kusi, upepo unatoka baharini na unarusha mchanga moja kwa moja kwenye ufukwe ule. Kamera ikae kwenye mfuko wa plastiki wa kubana, uitoe, upige, uirudishe. Wakati wa kaskazi ni nafuu. Jioni pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi ya bomba kikakamuliwa sana, chumvi itoke. Spiriti hapana.

Na mafuta ya kujipaka! Mtu kajipaka mafuta ya nazi, kashika lenzi, kisha anakuja kwangu analalamika picha zina ukungu.

Mgeni_wa_Voi:

Ahsanteni sana. Kijicho nimekipata, sikujua kabisa kipo. Mzee Nahodha, bado uso wa mke wangu. Na watu tutakaowakuta njiani, naweza kuwapiga?

Nahodha_Mstaafu:

Uso: fungua flashi, mchana kweupe. Watu hucheka, waache wacheke. Shata, kile kipazia kinachofungua na kufunga mwanga, katika kamera hizi ndogo iko ndani ya lenzi, flashi inakubali hata kwa 1/1000 ya sekunde, jambo ambalo kamera kubwa nyingi haziwezi bila mbinu. Simama naye mita moja na nusu hadi mbili, zaidi ya hapo haifiki. Ikimchoma sana ipunguze kwenye menyu.

Watu: salamu kwanza, kamera ikiwa mfukoni. Mvuvi anayeshona nyavu ukikaa naye kidogo mara nyingi atakubali, na akikataa mwambie ahsante upite. Akina mama wa buibui usiwapige, hata kwa mbali, hata mgongo. Punda ruhusa.

Na msishike njia hiyo wawili peke yenu, ni ndefu na jioni haina watu. Chukueni kijana wa Shela awatembeze, huyo huyo awapatanie boti ya Kipungani kabla hamjaondoka, iwe inawangoja saa kumi na mbili kasorobo. Jua likizama kwetu giza linaingia upesi, na hakuna taa huko.

Mgeni_wa_Voi:

Nimefungua kalenda. Tarehe 22 ya mwezi wa Kiislamu inaangukia Jumatano. Naenda kuomba ruhusa kazini.