Wakwe zangu Waitaliano wanakuja kula, na Barolo iko kabatini: nipike nini?

Binti wa Pangani:
Wakuu, habari zenu. Naishi Torino na mume wangu, wazazi wake ni watu wa Alba, mkoa huuhuu wa Piemonte. Baba mkwe alituachia chupa ya Barolo, mvinyo mwekundu wa kwao, ya mavuno ya 2017, akasema itafunguliwa siku nitakayowapikia chakula cha kwetu. Siku yenyewe ndiyo Jumapili hii. Nilipanga samaki wa kupaka, pilau ya ng'ombe na kachumbari ya pilipili. Mume wangu kaguna tu, hajasema kitu.
Barolo nimeshaionja kwao. Kwenye glasi inaonekana nyepesi, nyekundu inayoelekea rangi ya tofali, lakini ukimeza mdomo mzima unakauka. Inaliwa na nini hii? Wenye kejeli nao karibuni.

Shemeji wa Wote:
Mpe mzee ugali na dagaa, chupa nitumie mimi. Tatizo limekwisha.

Mpishi wa Zamu:
Dada, mumeo kawagunia samaki. Nafanya kazi jikoni Milano, hii nimeiona sana.
Barolo ni zabibu ya Nebbiolo tupu, na Nebbiolo inadanganya macho: rangi kidogo, ukakasi mwingi. Huo ukakasi ni tanini kutoka kwenye maganda na mbegu. Inashikana na protini za mate, ndiyo maana ulimi unakauka kama umekunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ukitafuna nyama yenye mafuta, tanini inapata kazi nyingine na mvinyo unalainika hapohapo. Kwa samaki ni kinyume, mara nyingi mdomoni inabaki ladha ya chuma. Tui la nazi nalo lina utamu wake, litaufanya mvinyo uonekane mchungu zaidi.
Pilipili ndiyo adui mkubwa. Barolo haishuki chini ya asilimia 13 ya kilevi, nyingi zinafika 14 na kupita. Kilevi hicho kikikutana na pilipili, ni moto juu ya moto.
Pilau ibaki. Bizari nyembamba na mdalasini havigombani na Nebbiolo, ila karafuu punguza. Tumia nyama ya mbavu au mkia, ichemke polepole mpaka iachie mfupa. Kachumbari weka mbali, bila pilipili, na ndimu iwe ya kunusa tu.

Mkaa Bergamo:
Naunga mkono ila sehemu moja napinga. Pilau ina mambo mengi, na Barolo ni mvinyo wa kunusa: waridi, cheri, lami, baadaye majani makavu na uyoga. Kwa nini uifunike na viungo? Kwao wenyewe huwa wanaiwekea vyakula vya ladha moja iliyoshiba. Tajarin, zile tambi nyembamba za viini vya mayai, na siagi na tartufo nyeupe, aina ya uyoga wa chini ya ardhi wenye harufu kali, msimu wa vuli. Au brasato, nyama ya ng'ombe iliyolazwa kwenye mvinyo na karoti, seleri na kitunguu, kisha ikapikwa masaa kwa moto mdogo.
Ningekuwa wewe, pilau ningeiandalia Barbera d'Asti, mvinyo mwekundu mwingine wa hukohuko. Ina uchachu wa kukata mafuta, ukakasi kidogo, bei ya kawaida, na ndiyo watu wa Piemonte wanakunywa siku za kazi. Barolo itoke baada ya pilau, na jibini ngumu. Castelmagno ukiipata, mzee atakuita binti yake mbele za watu.

Mpishi wa Zamu:
Mkaa, mzee kasema chakula cha kwao binti, siyo jibini ya kwake! Ila Barbera ya kuanzia naikubali.

Binti wa Pangani:
Nimecheka hiyo ya binti yake. Basi samaki nimemwondoa. Pilau ya mkia, Barbera kwanza, Barolo ikifuata wakati nyama bado ipo mezani. Je, niifungue saa ngapi? Na 2017 imeiva kweli?

Mkaa Bergamo:
Imeiva. Kisheria Barolo inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao, kwa hiyo yako ilianza kuuzwa 2021. Halafu 2017 ulikuwa mwaka wa joto na ukame kule Langhe, vilima inakotoka Barolo, mvinyo wake ulilainika mapema kuliko wa 2016.
Jumamosi isimamishe wima ili machicha yatulie chini. Jumapili mimina taratibu kwenye jagi saa moja au mbili kabla ya kula, machicha ukiyaona shingoni acha hapo. Nyumba za Torino zina joto sana wakati wa baridi, iweke kwenye friji dakika 20 ifike nyuzi 16 hadi 18.

Shemeji wa Wote:
Na ikibaki?

Mpishi wa Zamu:
Kizibo, friji, siku mbili tatu. Lakini akina baba wa Alba hawabakishi, shemeji. Andaa chupa ya pili ya Barbera.