Kapeti lililochakaa mlangoni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mwezi ujao tunahama nyumba ya kupanga hapa Leicester, Uingereza. Kapeti la sebuleni limeisha pale kizingitini, nyuzi zimefumuka, na bati la mlangoni, ule ukanda wa chuma unaoshika ukingo wa kapeti, limelegea. Wakala wa mwenye nyumba alipita juzi, anasema tutakatwa bei ya kapeti zima kwenye dipoziti. Nifanyeje?

—

Marahaba mdogo wangu, poleni na heka heka za kuhama.

Usikubali hilo la kapeti zima. Mlangoni ndipo kila mguu unapopita, na uchakavu wa matumizi ya kawaida mpangaji halipi. Hata ukiharibu kweli, umri wa kapeti unahesabiwa. Kapeti la pauni 400 la kudumu miaka 10, likiwa limekanyagwa miaka 8, limebakiwa na thamani ya pauni 80 tu. Dipoziti yako ilipaswa kuwekwa kwenye mfuko ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30. Mkibishana, mfuko huo una usuluhishi wa bure, na mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuthibitisha madai yake.

Sasa kapeti lenyewe. Ng'oa bati uangalie. Kama kilichofumuka ni ukingo tu, nunua bati jipya lililo pana zaidi, ni pauni chache. Kata nyuzi zilizosimama kwa mkasi. Usizivute hata kidogo, maana ukivuta mmoja unafumua mstari mzima.

Kama limekuwa kipara, tia kiraka. Angalia ndani ya kabati la ukutani, mara nyingi kapeti ni lile lile. Lakini kata huko kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na iwe ya maandishi. Kabla hujakata, pitisha kiganja: upande mmoja manyoya yanalala, upande mwingine yanasimama, kama mahameli. Mimi kiraka changu cha kwanza nilikigeuza. Rangi ilikuwa ile ile, lakini kutoka dirishani kilionekana cheusi kama pamemwagika maji, ikabidi nikibandue nianze upya.

Laza kipande juu ya palipoisha, manyoya yaelekee upande mmoja, kisha ukate vyote viwili kwa pamoja kwa wembe mpya na rula ya chuma. Hapo vitakaa sawasawa. Chini weka mkanda wa gundi wa pande mbili, kwenye maungio paka gundi ya kapeti, halafu gandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Upande wa nne utafichwa na bati, kwa hiyo utaunga pande tatu tu.

—

Naongezea kwa dada hapo juu. Kama sakafu ni ya mbao, usipige misumari mirefu, mabomba ya hita huwa yanapita chini yake. Kama ni zege, chukua bati la kubandika. Na piga picha leo, kabla hujagusa chochote, kisha mwandikie wakala kwa barua pepe. Maneno ya mdomo hayatakusaidia kwenye usuluhishi.