Marafiki wa simuni wanataka kushukia kwangu Lamu

Assalaam aleikum jamaa, naomba ushauri. Tuko 11 kwenye kundi la WhatsApp, mwaka wa tatu huu: asubuhi salamu, mchana bei ya unga na siasa, usiku kutaniana. Uso kwa uso hatujaonana. Sasa watatu wanataka kuja Maulidi, na wameshaamua wenyewe kwamba watalala kwangu. Nyumba ni vyumba viwili, mama yumo, na punda wa jirani hulia dirishani alfajiri (hilo watalizoea). Mama kaniuliza moja tu: "Hao wenzio, kwao wapajua?" Nikabaki na simu mkononi. Nyumba za wageni nazo hujaa mapema. Niwaambieje wasikasirike? Au niwangoje gatini wakivuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara, niwatazame kwanza?